Damu Iliyokuja na Samaki

Kila mnapokuja kunijulia hali hapa nyumbani Malindi ya Unguja, nyinyi vijana wa maabara huniuliza tulifanyaje kazi zamani bila ya mashine. Huwa nawajibu kwa mzaha kwamba tulikuwa na macho. Leo sitaki mzaha. Nataka kuwaeleza habari za slaidi moja niliyoisoma kwa macho haya haya, nikaisoma vibaya, na mwanamke wa miaka thelathini na mbili akabakiwa na saa chache tu za kuokolewa. Slaidi yenyewe ninayo. Imo kwenye kisanduku cha mbao juu ya kabati, na pembeni mwake pana maandishi yangu ya penseli: "Damu imechakaa." Sijayafuta.

Lakini kwanza mjueni Bwana Vuai, kwa sababu bila yeye nisingejua hata kwamba nimekosea.

Bwana Vuai ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, koti lake la maabara linamfika karibu na miguu, na sikumsikia hata siku moja akipandisha sauti. Akikasirika alikuwa akisafisha lenzi. Tukimwona anasafisha lenzi iliyokwisha kuwa safi tulijua mmoja wetu kaharibu kitu, na tulianza kujikagua. Maji ya visima vya mjini yana chumvi na rangi ya kupakia damu haiyapendi. Seli zote hutoka bluu kama zimechovywa kwenye wino. Kwa hiyo kila masika alikinga maji ya mvua kwenye chupa kubwa, akazipanga chini ya meza na kuandika SI YA KUNYWA. Daktari mmoja mgeni aliyapikia chai, akasifu kwamba chai ya Unguja ni laini. Siku ile Bwana Vuai alisafisha lenzi za hadubini zote nne.

Kihesabio chetu cha kubonyeza kilipovunjika, na kingine kikawa hakiji, alileta bao lake la nyumbani. Mnajua kwamba tukisoma slaidi tunahesabu seli nyeupe mia moja na kuzigawa kwa aina. Bwana Vuai alitumia mashimo matano ya bao, kila aina ya seli na shimo lake. Unaona seli, unaitambua, unatia komwe moja, ile mbegu ya kuchezea bao, kwenye shimo lake bila ya kuinua jicho. Bao lina kete sitini na nne, yeye aliongeza komwe thelathini na sita ili zitimie mia. Komwe zikikwisha mkononi, hesabu imekwisha. Kwa mtu mzima mwenye afya, shimo la kwanza, la neutrofili, hufurika mpaka komwe zinadondoka mezani. Hata kihesabio kipya kilipokuja mimi niliendelea na bao. Wenzangu walizoea kusema, "Bi Zuhura anacheza bao na damu za watu."

Sasa niwaeleze kwa ufupi jambo ambalo vitabu vyenu hulieleza kwa kurasa nyingi, maana bila yake kisa hakifahamiki.

Ndani ya damu mna walinzi wa namna mbili. Wa kwanza wanazaliwa wanaijua kazi. Hawangoji kufundishwa, pakiingia kitu kigeni wanakwenda. Hao ni neutrofili, wanaofika mwanzo na kufa mapema, na monosaiti, ambao wakitoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama hunenepa wakawa walaji wakubwa, wanaokula kila kilichovunjika. Walinzi wa pili ni limfosaiti. Hao ni wanafunzi. Hawamjui adui mpaka waonyeshwe, na wakishamjua hawamsahau.

Anayewaonyesha ni nani? Ni wale walaji. Mlaji akishakula kitu hutwaa kipande chake akakiweka juu ya ngozi yake, na limfosaiti huja kukitazama. Hapo ndipo baadhi ya maradhi ya tezi ya shingo huanza. Siku moja, kwa sababu ambazo mpaka leo hazijulikani zote, walaji huokota vipande vya tezi ya mtu mwenyewe na kuvionyesha kama vya adui. Limfosaiti huamini. Kwa watu wengine tezi huliwa kidogo kidogo mpaka ikazimika. Kwa wengine huchochewa ifanye kazi bila ya kupumzika, na huyo utamwona moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, anakula na huku anakonda, macho yanamtoka, na shingo inaota rovu, yaani uvimbe wa tezi.

Bwana Vuai alinionyesha hayo kwenye slaidi ya majimaji yaliyovutwa kwa sindano kutoka kwenye rovu la bibi mmoja wa Mtoni. Seli za tezi zilikuwa chache, zimezungukwa na limfosaiti kama watu waliozunguka ajali.

"Nani mwenye kosa hapa?" akaniuliza.

"Limfosaiti. Wamejaa tele."

"Na wao wameambiwa na nani?"

Nikasogeza slaidi. Kwenye ukingo alikuwako mlaji mmoja, mkubwa, tumbo limejaa takataka.

"Huyo ndiye aliyepeleka habari," akasema. "Usimpite kwa kuwa yuko peke yake."

Kisa chenyewe kilitokea miaka michache kabla sijastaafu, Bwana Vuai akiwa keshafariki. Ilikuwa Alkhamisi, kiasi cha saa tano asubuhi. Dirishani kwetu alisimama kijana wa makamo, amevaa kofia ya kiua na shati lenye magamba ya samaki, ameshika chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Chupa ilikuwa na unyevu wa barafu na ilinuka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hii damu au mchuzi?"

"Damu, Bi. Mchuzi umebaki Darajani."

Jina lake Ameir, mvuvi kutoka kijiji kimoja karibu na Kizimkazi. Damu ilikuwa ya shemeji yake, Mize, mke wa marehemu kaka yake. Muuguzi wa kituo cha kijijini aliitoa alfajiri. Ameir aliitia kwenye sanduku la barafu pamoja na changu na tasi zake, akapitia Darajani kwanza kupeleka samaki mnadani, mnada ukachelewa, ndipo akaja kwetu.

"Kwa nini hakuja mwenyewe?" nikamuuliza.

"Yuko eda. Kaka ana mwezi wa pili tangu afe. Mama hataki atoke."

"Anaumwa na nini?"

"Koo. Hamezi hata mate. Na homa. Mama keshamwita bibi wa kukata kimeo, anakuja leo alasiri. Muuguzi ndiye aliyeng'ang'ania damu ije kwanza."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Wako wazee wanaoamini kwamba koo lisilopona hutokana na kimeo kilichorefuka, na wako wanaojua kukikata. Nimesikia maneno yale kwa masikio yangu. Lakini nilikuwa na sampuli nyingi mezani, na harufu ya samaki ilikuwa imekwisha kunipa jibu kabla sijafanya kipimo.

Mashine, maana wakati huo tulikwisha kuipata, ikatoa jumla ndogo ya seli nyeupe, na penye mgawanyo ikaweka nyota. Nyota ile mnaijua. Maana yake mashine haina uhakika, tazama mwenyewe. Nikapaka slaidi, nikaikausha, nikaipaka rangi, nikakaa na bao langu. Limfosaiti. Limfosaiti. Monosaiti mmoja. Limfosaiti. Nikatembeza slaidi mpaka kwenye mkia wake, maana seli kubwa hupenda kusukumwa huko. Neutrofili sikuona hata mmoja.

Hapo ndipo nilipokosea. Damu ikikaa muda mrefu kwenye chupa, neutrofili ndio wanaoharibika mwanzo. Hilo nalijua tangu ujana. Damu ya tangu alfajiri, imelala na barafu na changu, imezungushwa sokoni: nikasema hii imechakaa. Nikaandika hivyo kwenye slaidi na kwenye jibu. Nikamwambia Ameir alete nyingine Jumatatu, kwa kuwa kesho Ijumaa ni siku fupi, na aje nayo moja kwa moja bila ya kupita sokoni.

"Kwa hivyo hamkuona kitu?" akauliza.

"Hakuna cha kuona. Damu mbovu."

Akashukuru, akaenda zake. Namba yake ya simu sikuichukua.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikwenda kutawadha. Nakumbuka nilikuwa naosha mkono wa kulia pale neno lilipokuja, na halikuja kwa sauti ya Bwana Vuai wala ya mtu yeyote. Lilikuja kama mtu anavyokumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Maiti ziko wapi?

Neutrofili wa damu iliyochakaa hawapotei. Wanakufa vibaya, na unawaona. Kiini kinakuwa kidonge cheusi, mwili unatoboka mashimo, ngozi inachanika, lakini wapo, wametapakaa kila mahali. Kwenye slaidi ile hapakuwa na mzoga hata mmoja. Na limfosaiti walikuwa wazima, duara, rangi safi. Samaki gani anayeharibu namna moja ya seli na kuziacha nyingine?

Sikusali kwanza, Mungu anisamehe. Nilirudi mezani na mikono yangu inadondosha maji, nikaitia slaidi chini ya lenzi. Wazima wote. Neutrofili hawakufia kwenye chupa. Hawakuwamo tangu mwanzo.

Ndipo nilipofungua kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Nilikuwa nimesoma jina na kipimo tu. Chini, kwa mwandiko mdogo, muuguzi alikuwa ameandika: "Ana rovu. Anatumia dawa ya tezi, wiki ya sita. Homa na koo siku mbili."

Wanangu, dawa ya kutuliza tezi ni nzuri na watu wengi mno imewapa uhai. Lakini kwa wachache sana, na hakuna anayeweza kuwajua mapema, dawa ile huwafuta neutrofili wote. Dalili ya kwanza ni homa na koo. Mize aliugua kwa sababu walinzi wake waliigeukia tezi yake. Sasa dawa ya kumwokoa na tezi ilikuwa imewamaliza wale wanaofika mwanzo kidonda kinapotokea. Na alasiri ile, kwa mkono wa bibi mwenye nia njema, angefunguliwa kidonda kooni.

Mimi ndiye niliyewapelekea habari kwamba hakuna kitu.

Nilimpelekea daktari wa wadi ile slaidi na kile kikaratasi. Alitazama kimoja, akatazama cha pili, akasema maneno matatu: aache dawa, aje. Nikapiga namba ya muuguzi iliyokuwa kwenye karatasi. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Baadaye tulijua alikuwa anazalisha na simu imo mkobani. Magari ya wagonjwa yote yalikuwa nje. Saa nane kasoro dakika chache nikapanda gari la idara na dereva wetu, nikiwa na chupa mpya, sindano, slaidi ndani ya kisanduku, na barakoa.

Njia ya kusini mnaijua. Mwanakwerekwe magari yamesimama. Tunguu tukapata kasi. Jozani kuna matuta ya kuwalinda kima, na ni haki yao, lakini siku ile kila tuta nililihesabu. Dereva aliniuliza mara moja tu: "Alasiri leo saa ngapi?" Nikamjibu. Kitogani alikata kulia bila ya kupunguza mwendo.

Kijijini tuliuliza nyumba ya marehemu. Adhana ya alasiri ilikuwa inamalizikia. Dereva akabaki na wanaume barazani, nami nikapiga hodi mlango wa uani.

Aliyenipokea ni Bi Kazija, mama yake Ameir, yaani mama mkwe wa Mize. Mwanamke mrefu, kanga imefungwa kwa mkazo, uso wa mtu aliyezika mtoto na bado hajapata muda wa kukaa. Nikamwamkia. Akaniitikia, na kabla sijavua viatu akasema:

"Ameir keshatwambia. Damu mbovu."

"Damu haikuwa mbovu, Bi Kazija. Mimi nliikosea."

Akanitazama. "Umetoka mjini kuja kunambia umekosea?"

"Naam."

"Basi hilo kubwa," akasema, akanipisha nipite.

Ndani, kwenye mkeka, alikaa bibi mmoja mdogo wa umbo, mkongwe, kikombe cha chai mkononi, na pembeni yake kisanduku cha bati kilichofungwa kwa kitambaa safi. Nilijua ni nani. Alikuwa anamaliza chai ili asali, kisha afanye kazi yake. Nyuma ya pazia nilimsikia Mize akipumua.

Niliwaeleza wote wawili pamoja, kwa maneno mepesi niliyoyajua. Kwamba koo la Mize haliumizwi na kimeo. Kwamba walinzi wa damu yake wamemalizwa na dawa. Kwamba vijidudu vya kawaida vya mdomoni, ambavyo mimi na wao tunaishi navyo kila siku, kwake havina wa kuvizuia.

Bi Kazija akasema, "Watu wangapi hapa wamekatwa kimeo wakapona."

"Wengi. Walikuwa na walinzi."

"Na nyinyi si ndio mliompa dawa iliyowala hao walinzi?"

Swali hilo lilistahili jibu. "Ndiyo," nikasema. "Na kama tungekaa bila ya kumpa, moyo ungemchoka. Leo ndiyo imemgeukia."

Bibi wa kimeo alimaliza funda la chai. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi mambo ya ndani ya damu siyajui. Nijibu moja. Nkimkata leo, kidonda changu kinakauka siku ya ngapi?"

"Hakikauki, bibi."

"Siku ya saba?"

"Siku ya saba hatakuwepo."

Bibi akakivuta kisanduku chake cha bati, akakaza fundo la kitambaa ambalo lilikuwa limekwisha kukazwa, akasema, "Basi mie nimekuja kunywa chai tu."

Likabaki la eda. Bi Kazija alisimama mbele ya pazia kama mlango wa pili. Mwanawe hajatimiza miezi miwili kaburini, akasema, na mke wake atoke nyumbani, apite njiani, watu wamwone? Nikamwambia dharura ina ruhusa yake, na kama anataka tumuulize mwalimu wa msikitini. Alijua. Hakuwa mjinga wa dini. Alikuwa amechoka kupoteza vitu. Ni Mize aliyemaliza, kwa sauti iliyopasuka, kutoka nyuma ya pazia:

"Mama. Nyumba hii ishazika mmoja mwaka huu."

Bi Kazija akageuka. Akafungua sanduku la nguo, akatoa kanga nne. "Gari yako ina madirisha mangapi?" akaniuliza.

Wakati wao wanayafunika madirisha ya gari, mimi niliingia nikamtoa Mize damu. Shingo yake ilikuwa imevimba kiasi, mikono inatetemeka, midomo imekauka. Nilimwambia asinywe tena kidonge cha tezi. Akanionyesha kwa vidole kwamba cha mchana ameshakinywa. Nilipaka slaidi mbili pale pale kwenye kizingiti cha dirisha, damu ikiwa moto, nikazipunga zikakauka. Hiyo ifanyeni kila mkiweza: slaidi iliyopakwa kando ya mgonjwa haiwezi kusingiziwa safari.

Tulirudi mjini na gari lililofunikwa kanga kama chumba. Bi Kazija nyuma, kichwa cha mkwewe mapajani. Bibi wa kimeo alitusindikiza mpaka barazani, akamfunga Mize mtandio vizuri shingoni, akarudi ndani kumaliza sala yake.

Daktari alikuwa anatungoja. Wakampa chumba cha peke yake na dawa za mshipa. Mimi nikaenda maabara na slaidi za kizingitini, nikazipaka rangi kwa maji ya mvua, nikashika komwe mia. Nilipomaliza, mkono ulikuwa mtupu, na mashimo yalikuwa hivi: la limfosaiti limefurika, la monosaiti lina nne. La kwanza lilikuwa tupu kabisa. Uliweza kuona mbao zilivyochongwa chini yake.

Huko nyuma nilikuwa nimeliona shimo lile limejaa maelfu ya mara. Sikuwahi kuona chini yake.

Siku zilizofuata nilimhesabia Mize kila asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Ijumaa, tupu. Jumamosi, tupu, na homa imepanda. Jumapili alianza kuongea maneno yasiyofuatana, akimwita mumewe. Kila siku saa tatu Bi Kazija alikuja dirishani kwetu, amejifunika mpaka puani, anauliza neno moja:

"Wamekuja?"

"Bado, Bi Kazija."

Hakulaumu. Angelaumu ningepata nafuu.

Jumatatu, ile siku niliyomwambia Ameir alete chupa nyingine, nilikaa mbele ya bao nikafikiri ingekuwaje. Jumatatu ile angefika dirishani na habari ya msiba, nami ningempa pole, nisingejua.

Jumanne shimo la monosaiti likawa na komwe kumi na tisa. Shimo la kwanza tupu bado, lakini nilisimama. Bwana Vuai alinifundisha hilo kwenye damu za watu wengine: uboho, ule ulio ndani ya mifupa unaozaa seli za damu, ukiamka, wale walaji wakubwa hutangulia, na neutrofili huwafuata nyuma. Wale wale waliopeleka habari ya uongo kwenye tezi yake sasa walikuwa wameleta ya kweli. Sikumwambia Bi Kazija. Nilimjibu "bado" kama kawaida, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumpelekea mtu jibu la haraka mara moja.

Jumatano hapakubadilika kitu. Alkhamisi, wiki moja kamili tangu chupa ile inuke dirishani, nilifika kwenye seli ya ishirini na saba nikasita. Kiini kimegawika vipande vitatu vilivyofungwa kwa uzi, chembechembe laini mwilini. Nikasafisha lenzi. Nikatazama tena. Nikatia komwe kwenye shimo la kwanza, na mlio wake kwenye mbao kavu niliusikia. Katika mia, walikuwa watatu.

Saa tatu Bi Kazija akaja. Kabla hajauliza nilitoa mkono dirishani nikamtilia zile komwe tatu kiganjani.

Akazitazama. "Ndio hawa?"

"Ndio hao."

"Watatu tu?"

"Leo watatu. Kesho sitakuwa na komwe za kuwatosha."

Akafumba kiganja. Hakusema alhamdulillahi kwa sauti; midomo ilitikisika tu chini ya buibui. Akaondoka nazo.

Ijumaa walikuwa kumi na moja, Jumamosi thelathini. Homa ikashuka, Mize akaomba uji. Alimalizia eda yake nyumbani, na ile dawa hakupewa tena maishani. Tezi yake ikashughulikiwa kwa njia nyingine, na ndani ya faili lake na kwenye kadi anayotembea nayo pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba dawa ile ni haramu kwake.

Mimi nilipeleka slaidi ya kwanza kwenye kikao cha maabara nikaeleza nilichokifanya, mbele ya watu niliowafundisha. Baada ya hapo tuliweka utaratibu ambao nyinyi mnaukuta na mnauona wa usumbufu: kikaratasi husomwa chote kabla chupa haijaguswa, aliyeleta sampuli huacha namba yake ya simu, na hakuna anayeandika "imechakaa" mpaka awe ameuona mzoga. Mkiulizwa ulitoka wapi, ulitoka kwenye sanduku la changu.

Eda ilipokwisha, asubuhi moja nilisikia sauti ya mwanamke dirishani ikiamkia. Sikumtambua kwa uso, maana uso niliokuwa nimeuona ulikuwa wa homa. Nilimtambua kwa shingo. Alikuwa amevaa buibui jipya, amekuja kwa miguu yake kutoka kituo cha daladala, na mkononi alikuwa na fundo dogo la kitambaa.

"Bi Zuhura, mama anakusalimu sana. Kasema hizi za kwenu."

Nilifungua. Komwe tatu.

"Mwambie angekaa nazo," nikasema.

"Nlimwambia. Kasema bao likipungua kete, mtamhesabia mtu vibaya."

Niliingia ndani, nikazitia kwenye shimo lao.